Tundu la Tano

Machimbo ya kokoto nje ya Suomussalmi,
Septemba inaisha, saa mbili asubuhi.
Baridi imekaa juu ya meza ya mbao
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Nimelaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga,
karatasi nimeibandika kule, mita mia,
na sanduku la Tauno liko wazi kushoto kwangu:
risasi hamsini, wima kama watoto gwarideni,
na juu ya kifuniko penseli yake: *Za mwisho. Nzuri.*

Majira ishirini na sita ya theluji nilimwona
akipima baruti jikoni baada ya chakula.
"Usipige chafya, Sylvi,"
nami nikashika pumzi, hata birika likashika pumzi,
kijiko kikidondosha punje, kisha nusu punje,
hadi ulimi wa mizani utulie.
Alikuwa na mizani kama washairi wana mizani:
ikizidi silabi moja, alimwaga yote, akaanza upya.
Fataki ikae sawasawa, isichomoze.
Risasi izame gandani kwa kina kile kile,
kina kimoja mwanzo hadi mwisho,
kisha tano tano ndani ya beti ya ngozi.

Piga tano, alisema, usipige tatu.
Tatu humsifu mpigaji. Nne humbembeleza.
Ya tano haina adabu.

Ya kwanza. Mwangwi unazunguka ukuta wa changarawe,
unarudi umechoka. Darubini: juu kidogo ya kitovu. Vyema.
Nasubiri mtutu upoe;
mtutu wa moto ni mlevi, husema lolote.
Ya pili, kushoto. Nalaumu upepo,
lakini utepe niliofunga msonobarini umelala.
Ya tatu, chini. Nalaumu bega.
Ya nne sipendi kuitaja.
Ya tano imeketi peke yake ukingoni mwa karatasi,
karibu na tarehe.

Napiga tano nyingine.
Namwita Orvokki, bingwa wa wilaya mwaka wa mafuriko.
Zake zinatawanyika vile vile.
Anavua miwani, anaifuta, ananyamaza.
Orvokki hanyamazi.

Nyumbani nimetoa karatasi zake za miaka yote,
nimezitandaza kutoka mlangoni hadi kwenye jiko.
Mwanzoni sarafu moja ingefunika matundu yote matano.
Kisha mdomo wa kikombe.
Kisha kisosi.
Kisha kiganja changu, na mwaka jana viganja viwili.
Daktari alitaja jina la ugonjwa mwezi Machi.
Karatasi zilikuwa zimelitaja miaka mitatu kabla.

Sasa nakumbuka kahawa aliyoishika kwa mikono miwili,
eti ni baridi.
Na usiku ule aliponitoa jikoni, mara ya kwanza maishani,
"Kalale, nina kazi,"
nikasikia punje zikimwagika mezani, zikizolewa,
zikimwagika tena.
Nilidhani amenikasirikia.
Nililala nimempa mgongo.

Thelathini na tano zilizobaki nimezifungua kwa nyundo, moja moja,
nikapima kilichokuwamo: hii imepungua,
hii imepungua, hii imezidi
hadi jasho likanitoka shingoni.
*Nzuri*, aliandika.
Baruti nimeimwaga bustanini. Maganda nimeyaosha,
yanakauka kwenye taulo pamoja na vijiko.

Msimu unafunguliwa Jumamosi ijayo,
na mnyama yule mwenye pembe pana kama milango
hana deni na majonzi yangu;
akipigwa, apigwe mara moja.
Saa nne usiku. Nimekaa kwenye kiti chake,
miguu haifiki sakafuni vizuri.
Nusu punje.
Ulimi wa mizani unatikisika, unatikisika.
Nimeshika pumzi,
na sina wa kumwambia asipige chafya.